Mrejesho: asumini ya uani kwa bibi imechanua, mkilua bado

Assalaam aleikum. Niliuliza kuhusu asumini ya uani kwa bibi, Lamu: majani ya manjano, ncha zimeungua, maua hakuna. Vikuba vyote vya nyumba ile, yaani vishada vidogo vya maua ya kunukia, vilitungwa kwa maua yake, sikutaka ife. Ahsanteni sana mliojibu.

Aliyesema ni chumvi ya maji ya kisima alipatia. Sasa nanyweshea maji ya mvua, na mwanzo nilimwaga ndoo 2 polepole shinani ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Majani yaliyoungua hayaponi, tazameni mapya. Yale ya manjano yenye mishipa ya kijani ni kazi ya chokaa ya udongo wa matumbawe, huunyima mmea madini ya chuma. Karai la samadi iliyooza limepunguza umanjano huo, halijaumaliza.

Kilicholeta maua hasa ni kupogoa, kwa kuwa asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Nilikata theluthi, baada ya wiki 6 vitumba vikatoka. Vichumeni alasiri vikiwa vyeupe na vimefumba, maana vikishafunguka usiku havitungiki vizuri.

Vipandikizi 8 vya sentimita 12, vyenye vifundo 3, niliviweka kivulini. Vimeshika 5, vingine vilioza kwa maji mengi.

Vya mkilua, kile kichaka cha maua ya kunukia, vilikufa vyote 6. Mlinishauri mbegu nami sikusikia. Sasa nimezipanda mbegu mbichi, kivulini, kwenye mchanga na samadi. Zikiota nitawaambia.