Mitindo ya WPF kwa programu tatu kutoka maktaba moja

Swali

Wanajukwaa, salamu. Ninatunza programu tatu za Windows zilizoandikwa kwa WPF (teknolojia ya Microsoft ya kuunda madirisha na vitufe vya programu): ya mauzo, ya ghala na ya mishahara. Wanaozitumia ni wafanyakazi wale wale, hivyo vitufe na majedwali yapaswa kufanana, lakini kila mradi una nakala yake ya mitindo (maelezo ya rangi na sura) ndani ya App.xaml, yaani faili ya mipangilio ya programu nzima, na nikirekebisha rangi katika mmoja, mingine miwili inabaki nyuma. Nimeunda maktaba iitwayo Mitindo, nikahamishia humo faili ya Vitufe.xaml na kuirejelea maktaba hiyo kutoka mradi wa mauzo. Mradi unajengeka bila kosa, ila vitufe vinabaki na sura ya kawaida ya Windows. Ni hatua gani inayokosekana?

Jibu la kwanza

Ndugu, kuirejelea maktaba hakutoshi. WPF haichukui mitindo kutoka DLL (faili ya maktaba iliyokwisha kujengwa) bila kuelekezwa, isipokuwa mitindo ya msingi ya vidhibiti (vitufe, visanduku na kadhalika) vilivyobuniwa na maktaba yenyewe, ambayo huwekwa katika Themes/Generic.xaml. Wengi huweka humo mtindo wa Button ya kawaida na kushangaa kwamba haufanyi kazi. Kwa haja yako, iunganishe faili ndani ya MergedDictionaries (orodha ya faili za mitindo zinazounganishwa) katika App.xaml ya kila programu:

`<ResourceDictionary Source="/Mitindo;component/Vitufe.xaml"/>`

Neno linalotangulia nukta-mkato ni jina la asembli (yaani la DLL inayotokana na mradi), ambalo huenda likatofautiana na jina la mradi. Hakikisha pia kwamba Build Action ya faili hiyo (mpangilio wa jinsi inavyojengwa) ni Page.

Jibu la pili

Naongezea jambo ambalo huonekana dogo mpaka programu ikue. Usiunganishe faili hizo katika kila dirisha, maana kila muunganisho huunda nakala mpya ya kamusi nzima (yaani ya faili yote ya mitindo) kwenye kumbukumbu. Unganisha mara moja tu katika App.xaml, tena kupitia faili moja, tuseme Yote.xaml, inayokusanya nyingine zote, ili siku ukiongeza faili mpya usiguse programu hata moja. Ndani yake tanguliza rangi, kisha vitufe, kwa kuwa StaticResource (njia ya kurejelea rangi au mtindo kwa ufunguo wake) hutafuta thamani wakati wa kupakia na huhitaji kilichokwisha kusomwa. Funguo (majina ya mitindo na rangi) zikigongana, faili iliyounganishwa mwisho ndiyo inayoshinda. Ikiwa watumiaji watabadili rangi programu ikiendelea kufanya kazi, tumia DynamicResource, ambayo hufuata mabadiliko, kwa rangi hizo.

Nakusihi pia usiweke mtindo wa TextBlock (kidhibiti cha kuonyesha maandishi) usio na x:Key, yaani ufunguo, katika App.xaml: hupenya hadi ndani ya violezo (maumbo ya ndani) vya vidhibiti na kubadilisha maandishi ya vitufe usivyokusudia. Upe ufunguo.

Muulizaji

Nashukuru sana, vitufe vya mauzo na ghala sasa vinafanana. Imebaki programu ya mishahara, ambayo bado iko kwenye .NET Framework 4.8 (jukwaa la zamani la .NET), na inaikataa maktaba kwa sababu niliijenga kwa .NET 8.

Jibu la kwanza

Huna haja ya maktaba ya pili. Katika faili ya csproj (mipangilio ya mradi) ya Mitindo, ondoa TargetFramework, inayotaja toleo moja la .NET, na uandike TargetFrameworks, inayokubali zaidi ya moja, yenye thamani `net48;net8.0-windows`, huku UseWPF ikibaki true. Utapata DLL mbili kutoka XAML ile ile, na kila programu itachukua inayoifaa.