Kupima mwanga: Sekonic ya mkono wa pili au programu ya simu?

kamau_rongai: Wadau, nina elfu ishirini. Ninunue Sekonic, mita ya mwanga ya mkononi, au nibaki na programu ya simu? Nataka kuamua kabla ya Jumamosi.

mzee_wa_negativu: Kamera gani? Filamu au dijitali? Kuna flashi? Unauliza bei ya viatu na mguu umeuficha.

achieng_picha: Kama ni dijitali, pesa ikae mfukoni. Piga, tazama histogramu (ule mchoro wa mwanga kwenye skrini), rekebisha.

kamau_rongai: Samahani. Yashica Mat-124G ya marehemu babu, filamu ya ISO 400 (wepesi wake wa kunasa mwanga). Harusi ya binamu, Ngong. Sindano ya mita yake ya mwanga inasoma ovyo.

fundi_betri: Umeweka alkalini, sivyo? Mita hiyo iliundiwa betri ya zebaki, volti 1.35. Alkalini ni 1.5, lazima idanganye. Tafuta zile za vifaa vya kusikia, 1.4, ila baada ya wiki chache zimekwisha.

achieng_picha: Kumbe filamu! Basi simu uiogope. Mimi nilisimama kivulini msitu wa Karura, nikaielekezea bibi harusi, gauni jeupe likajaza skrini. Simu haijui gauni, kila kitu kwake ni kijivu, ikanipa mwanga haba. Roli nzima! Negativu zilitoka nyembamba, gauni kama maji ya kufulia, uso wa bwana harusi umemezwa na koti lake. Mama mkwe akaniuliza kama siku ile ilinyesha. Pesa yao nilirudisha.

mzee_wa_negativu: Pole dada, lakini simu haina kosa. Ungepima kiganja chako kwenye mwanga uleule, ukafungua lenzi stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Tena juani huhitaji kifaa: kwa ISO 400 yako, tundu la lenzi f/16, kasi 1/500 ya sekunde, umemaliza.

achieng_picha: Mzee, jua la saa sita huku liko utosini! Macho yote yanakuwa mashimo. Hiyo f/16 inapima paji la uso.

mzee_wa_negativu: Wapeleke chini ya mti.

fundi_betri: Chukua Sekonic L-398, haitaki betri kabisa. Unasimama alipo mtu, kijikuba cheupe kinatazama kamera, gauni halikuhusu. Usiku hemani, mwanga ukiwa hafifu, ndipo itakapokuacha.

kamau_rongai: Sherehe inaendelea mpaka usiku, nilisahau kusema.

mzee_wa_negativu: 😂 Na flashi?

otis_eastlands: Siku hizi filamu ya 120, hiyo pana ya Yashica, mnasafishia wapi mjini? Na hiyo Yashica, unauza?

kamau_rongai: Siuzi.