Majirani wa Barza Kubwa: mayai, chumvi na mabeseni

Alhamisi

[07:12] Mama Nadra: Asalaam alaykum majirani. Nakumbusha ile ya Jumamosi, watoto wa darasa la pili mpaka la sita, mchezo wa kuelea na kuzama. Skuli zimefungwa, wanashinda barazani wanagombania simu. Vinavyotakiwa: mayai, chumvi, machungwa, foili, asali kidogo, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mabeseni na ndoo tano za maji. Kila nyumba iseme inaleta nini.

[07:13] Mama Nadra: KILA nyumba.

[08:40] Mama Nadra: Naona mmesoma.

[08:58] Bi Asha Mandazi: Mayai mangapi? Trei limepanda bei.

[09:03] Suleiman Boda: Chumvi ya kununua ya nini na bahari iko hapo? Nakwenda pwani na dumu, nawaletea lita ishirini. Mnipe mafuta tu

[09:04] Suleiman Boda: ya boda, si ya kupikia 😂

[09:31] Mwalimu Time: Maji ya bahari hayatoshi, Suleiman. Lita moja ina chumvi kama gramu 35. Yai la leo linazama hata baharini. Ukitaka lielee chumvi ipite gramu mia kwa lita, tena ipite vizuri.

[09:33] Suleiman Boda: Mimi mtu mzima naelea baharini halafu yai lizame?

[09:34] Rukia Ghorofani: Wewe una kitambi

[09:36] Mwalimu Time: Anatania lakini kasema kweli. Mafuta ya mwilini ni mepesi kuliko maji, na mapafu yamejaa hewa. Yai hewa yake ni kijifuko kidogo tu upande ule butu.

[09:41] Bi Asha Mandazi: Yai viza linaelea. Ndivyo ninavyochagua yangu kila siku

[09:44] Mwalimu Time: Haswa. Yai likikaa, maji yanatoka kidogo kidogo kwenye ganda na hewa inaingia. Ukubwa ule ule, uzito umepungua. Kwa hiyo Bi Asha tuletee mapya. Yakiwa ya zamani yataelea kwenye maji matupu na somo limeharibika.

[09:45] Bi Asha Mandazi: Mayai yangu yamekuwa ya zamani lini?

[09:45] Suleiman Boda: Tangu Mei 😂😂

[09:52] Mama Nadra: 📷 Picha

[09:54] Mama Nadra: Nimejaribu jikoni. Gilasi ya kushoto maji matupu, yai limelala chini. Ya kulia nimetia vijiko vitatu vya kulia wali, nikakoroga mpaka chumvi ikapotea, yai limepanda limetoa kichwa nje. Halafu nikamimina maji matamu juu yake polepole, nikiyapitisha kwenye mgongo wa kijiko. Yai limebaki katikati! Juu haliendi, chini haliendi. Nadra kapiga kelele mpaka mama Khatib akatoka nje na mwiko.

[10:02] Mwalimu Time: Hiyo ya katikati iwe ya mwisho. Na kabla ya kutia kitu chochote waulizwe kwanza, kitazama au kitaelea, kila mmoja aseme lake liandikwe. Wakikosea ndipo watakapouliza kwa nini. Chungwa pia: lenye ganda linaelea, ukilimenya linazama.

[10:05] Suleiman Boda: Ya kumenywa ninayo kwa yule wa mashine pale kituoni

[10:07] Mwalimu Time: Yale yamebaki na weupe wake, na weupe ule una hewa. Menya mpaka nyama.

[10:20] Mwalimu Time: Mama Nadra, mafuta ya taa umeyaandikia nini?

[10:24] Mama Nadra: Ya gilasi ya matabaka. Asali chini, juu yake maji, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa juu kabisa. Kila kimoja kinakaa pahala pake, kinapendeza.

[10:26] Mwalimu Time: Yakimiminwa taratibu yanakaa hivyo, lakini kwa watoto hapana. Gilasini yanafanana na maji. Mtoto akimeza hata kidogo yanaweza kuingia mapafuni, mnampeleka hospitali ya Mnazi Mmoja mbio. Yatoe kwenye orodha tafadhali.

[10:27] Suleiman Boda: Mama Nadra anafungua sheli barazani 😂

[10:28] Rukia Ghorofani: 😂😂 lita bei gani?

[10:28] Suleiman Boda: Muulize Makame, mambo ya pampu anayajua yeye

[10:41] Rukia Ghorofani: Afadhali umelitaja wewe, mimi ningeambiwa nina chuki. Mama Nadra anataka ndoo tano. Za wapi? Mfereji unatoa upepo. Pampu tulichanga nyumba zote, hata mimi wa ghorofani nisiyefikiwa na maji.

[10:43] Mama Nadra: Jamani tuko kwenye mayai.

[10:43] Rukia Ghorofani: Na mimi niko kwenye maji.

[10:50] Mwalimu Time: Mafuta ya taa sijajibiwa.

[11:15] Makame: Nipo kazini. Nitaeleza jioni.

[11:15] Rukia Ghorofani: Jioni ya mwaka gani

[12:47] Bi Asha Mandazi: Mayai sita natoa. Asali sitoi, ile ya dawa.

[12:55] Mwalimu Time: Tupikie shira basi, ile nzito ya kalimati. Nayo inakaa chini ya maji. Itie rangi kidogo ionekane, na imiminwe kwanza, maji yafuate taratibu la sivyo zitachanganyika.

[12:56] Suleiman Boda: Shira bila kalimati ni dhulma

[12:58] Mama Nadra: Bi Asha mayai na shira. Nani chumvi? Nani mabeseni?

[14:30] Mama Nadra: Hello?

[16:25] Nassor: Naandika mimi Nassor. Babu Haji kanikalisha nimsomee tangu juu. Anasema hivi:

[16:31] Nassor: "Mafuta ya taa hayaingii. Hilo limekwisha. La pili, mnawafundisha yai, na yai halipandi mtu. Wafundisheni chombo. Hiyo foili ukiifinya donge na kuigonga mpaka ikakazana inazama. Foili hiyo hiyo ukiifanya dau inaelea na kubeba. Watie sarafu moja moja, wahesabu, mpaka lizame. Kisha dau jingine kama lile, sarafu nusu ya zile, zote upande mmoja. Litalala na kupinduka."

[16:36] Nassor: "Chombo cha chuma kinaelea kwa ile nafasi iliyomo ndani. Maji yakiingia kwenye nafasi ile, chuma kinarudi kuwa chuma. Mimi nimeunda majahazi, nalijua hili kwa mikono. Usiku ule wa Nungwi, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, watu wetu walipanda wakiona kimejaa. Waliona. Hakuna kati yao aliyeshuka. Basi watoto wajue kutazama mstari ubavuni. Mstari ukiwa umezama, mtoto amshike mama yake mkono washuke, tiketi ipotee."

[16:37] Nassor: Amemaliza.

[17:04] Bi Asha Mandazi: Shikamoo babu. Allah awarehemu wote.

[17:05] Rukia Ghorofani: Amin

[17:11] Suleiman Boda: Amin. Shikamoo babu.

[17:12] Mama Nadra: Amin. Mafuta ya taa nimeyafuta.

[17:30] Mwalimu Time: Tumesikia babu. Mstari tutauchora kwenye foili kwa kalamu ya wino mzito. Ule wa melini unaitwa Plimsoll, jina la mbunge wa Uingereza aliyepigania vyombo visijazwe kupita kiasi; sheria yao ni ya 1876. Pembeni mwa mstari kuna herufi: F maji matamu, T bahari ya nchi za joto, W bahari wakati wa majira ya baridi. Meli yenye mzigo ule ule inazama zaidi kidogo kwenye maji matamu kuliko baharini. Watoto wakishaona yai kwenye maji ya chumvi, hizo herufi hazitawashinda.

[17:38] Nassor: Babu anauliza sarafu mtatumia zipi, zote ziwe za namna moja. Anasema shilingi mia mbili. Na ataleta kipande cha mpingo na kipande cha mwembe, watoto waulizwe kipi kitazama.

[17:40] Suleiman Boda: Mbao zote zinaelea babu

[17:43] Nassor: Anasema njoo Jumamosi na mdomo huo huo.

[17:44] Rukia Ghorofani: 😂😂😂

[17:50] Mama Nadra: Babu, tufanyie uwanjani kwako? Kwangu padogo na kuna ngazi.

[17:58] Nassor: Ameshatoka kwenda msikitini. Nitamuuliza.

[19:20] Mama Nadra: Nassor umemuuliza?

[21:48] Salum Maskati: Nimetoka kazini sasa hivi. Naona Allah awarehemu. Nani kafa???

[21:49] Mama Nadra: Hakuna. Soma juu.

[21:57] Salum Maskati: Alhamdulillahi, mmenitoa roho. Mayai yote juu yangu, na chumvi. Nimtumie nani pesa?

[21:57] Rukia Ghorofani: Si Makame

[22:01] Makame: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[22:02] Rukia Ghorofani: Nimeuwahi. Ati risiti ziko kwa fundi. Fundi yupi, yule aliyehama?

[22:03] Mama Nadra: Salum nitumie mimi. Rukia usiku huu tafadhali. Mabeseni hakuna aliyesema.

[22:06] Bi Asha Mandazi: Beseni langu kubwa lilikwenda kwenye arusi kwa Rukia

[22:07] Rukia Ghorofani: Na lilirudi

[22:07] Bi Asha Mandazi: Lilirudi la nani? Hili lina tundu.

[22:09] Mwalimu Time: Lenye tundu lilete pia Bi Asha, tutaliweka kwenye pipa waone linavyojaa. Lakini tunataka mazima mawili.

[22:15] Mama Nadra: Mazima mawili, nani? Na ndoo za maji?

[22:40] Bi Zuhura: Samahani nimeona sasa hivi. Jumamosi si ndiyo watoto wanasomeshwa Kurani chuoni mpaka adhuhuri, wanafidia ile waliyokosa? Au mmebadilisha?

[22:41] Mama Nadra: Nani kasema wanafidia?

[22:52] Mama Nadra: Basi iwe baada ya laasiri. Nassor, babu kasemaje kuhusu uwanja?