Natafuta kikao cha kuacha ulevi Unguja, ila kiwe cha pombe tu

MtuWaBububu: Assalaam alaykum. Nnaomba ushauri wa kweli, si matusi. Nataka kuacha pombe. Nimesikia habari za vikao vya hatua 12, watu wanakaa duara, mmoja anasema yake wenziwe wanasikiliza. Kila ninayemuuliza ananielekeza soba hausi, nyumba wanamokaa watu wanaoacha ulevi, na mle wamejaa vijana wa unga, yaani heroini. Miye unga sijapata kuugusa. Halafu nikionekana naingia mle jioni, asubuhi habari iko kwa mama mkwe. Kuna kikao cha pombe peke yake, mbali na Bububu, baada ya isha?

BiShangani: Wa alaykum salaam mwanangu. Kikao cha kwanza ni msikitini. Marehemu kaka yangu alikunywa tangu yuko melini, akaacha Ramadhani moja na hakurudi tena mpaka anafariki. Idi ile alipika pilau mwenyewe, mtaa mzima ukala. Toba haitaki duara.

SobaWaNgambo: Mimi ni mmoja wa hao vijana wa unga, ndugu yangu, na sijakasirika. Soba hausi nilizopita mimi zinafuata NA (Narcotics Anonymous, kundi la wanaoacha dawa za kulevya), iliyoanza Marekani 1953 kwa kufuata njia ya AA (Alcoholics Anonymous, la wanaoacha pombe) ya 1935. NA wanaihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Hulipi kiingilio, wala huulizwi jina la baba. Uliza tu kama kikao ni cha wazi au cha kufunga. Cha wazi hata jirani anaweza kuingia kusikiliza, cha kufunga ni wenye tatizo peke yao. Kwa hofu yako hiyo, anza na cha kufunga. Kimoja kisipokukaa, nenda kingine. Nilipotaka kutoroka, aliyenishika mkono alikuwa mzee wa tembo la mnazi.

MpembaHalisi: Wagema wamalize minazi, halafu bei ya nazi tulie sisi 😂

MuuguziMjini: Kabla ya kikao, kaka: kwa siku unakunywa kiasi gani? Umeshawahi kuacha ghafla, na ilikuwaje?

MtuWaBububu: Kawaida tu. Kuacha naweza, shida yangu ni kundi.

MuuguziMjini: Hujajibu.

MtuWaBububu: Pombe kali, kila siku. Naanza asubuhi ili mikono itulie. Mwaka jana niliacha, usiku wa pili nikaanguka. Mke wangu anasema nilikakamaa, nikatoa povu, ulimi nikaung'ata. Wakasema shetani, nikasomewa. Ndo maana safari hii nimeshakata tiketi ya boti, nakwenda Konde, Pemba, kwa mama mdogo. Atanifungia chumbani wiki nzima, nikitoka safi ndo niingie kikaoni. Siwezi kukaa mbele za watu nanuka.

MuuguziMjini: Usifungiwe, nakuomba. Ile ilikuwa degedege ya kukatisha pombe. Mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na aliyewahi kuipata yuko kwenye hatari zaidi akikata tena. Siku ya pili mpaka ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, homa ikapanda, na wengine hufa. Ubongo umezoea kutulizwa na pombe, ikikatika ghafla unachachamaa. Hospitali hutoa dawa ya kutuliza, wakaipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Nenda Kidongo Chekundu, hospitali ya akili. Kabla ya kumwona daktari usikate ghafla.

Jamvi: Hii chai. Mwezi uliopita huyu huyu alikuwa anauza vespa humu, kaandika anahamia Dar. Leo yuko Bububu, kesho Konde.

MpembaHalisi: Hebu aseme boti inashusha wapi.

MtuWaBububu: Mkoani. Kutoka hapo ni gari mpaka Konde, kaskazini huko. Vespa niliuza kweli. Kazi ya Dar ilikuwepo, nikaripoti na harufu, wakanirudisha siku hiyo hiyo. Unataka nikuonyeshe nini tena? Na Kidongo Chekundu siendi. Watu watasema nimekuwa mwendawazimu, nami nina watoto skuli.

SobaWaNgambo: Methadoni, dawa ya kuachia unga, mimi nimeinywea hapo hapo. Nilikutana na watu ninaowajua, hakuna aliyenitangaza, kila mtu alikuja na lake. Na Jamvi, hata ikiwa chai, wapo wanaosoma kimya wenye mikono inayotetemeka.

BiShangani: Mwanangu, kaka yangu naye alianguka Ramadhani ile. Tulidhani ni saumu. Kusomewa usomewe, lakini daktari umwone kwanza.

MtuWaBububu: Tiketi nitaisogeza mbele. Hospitali nitakwenda, ila ya jirani, si ile. Wiki ikipita nakwenda Konde.

MuuguziMjini: Iwe ya jirani, bora iwe leo. Fuatana na mkeo, yeye ndiye aliyekuona ukianguka na daktari atataka kumsikia. Usiwafiche kiasi unachokunywa.

MkeWaMtu: Na sisi wake tuna kikao? Wangu bado hajasema anataka kuacha.

SobaWaNgambo: Kundi la jamaa za walevi lipo tangu 1951, linaitwa Al-Anon. Huhitaji kumsubiri yeye akubali. Vipo vikao vya mtandaoni, vingi kwa Kiingereza. Nitumie ujumbe nikuunganishe na mke wangu, yeye kapita huko.