Gari la umeme halichaji, nimeenda kudai haki yangu naambiwa "mwite baba mwenye gari"!

MamaAlizeti
Leo, saa 10:42 jioni

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa kwenye bajaji natoka kwa hao watu, mikono inatetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie.

Mnawajua. Siwataji, lakini yeyote aliyewahi kuulizia gari la umeme Dodoma hii anawajua. Wale ambao siku ya kununua unapewa kiti, maji ya baridi na jina lako linatajwa kila baada ya neno la pili. Siku ya kulalamika kiti hakuna, maji hakuna, na jina lako wamelisahau.

"Mama, mwite baba mwenye gari tuongee naye."

Ndivyo nilivyoambiwa leo mchana. Na kijana ambaye ningeweza kumzaa! Shikamoo hakunipa.

Gari nimenunua mimi. Dumu kwa dumu la mafuta ya alizeti, nayatoa Singida, nasambaza Majengo, Sabasaba, Nzuguni mpaka Ihumwa. Petroli ilikuwa inanimeza elfu arobaini kila siku mbili. Nikapiga hesabu: betri ya uniti 30, uniti moja kwa sisi wa matumizi ya kawaida ni kama shilingi 356 pamoja na makato, kulijaza haifiki hata 11,000. Nikasema Mungu amenikumbuka. Miezi minne nilikula raha, msinione muongo.

Mwezi wa tano likaanza. Nachomeka saa mbili usiku likiwa na asilimia 20, naamka alfajiri nakuta 23. Taa nyekundu. Nikichomoa nikachomeka tena linachaji dakika ishirini, linakata. Nikaweka kengele kwenye simu, kila dakika ishirini naamka, natoka nje na kanga, nachomoa, nachomeka. Wiki tatu! Hata mtoto mchanga hajawahi kunikesha hivyo, na mimi nimelea wanne.

Nikapiga simu. Wimbo wao wa kumsubirisha mteja naujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Jibu la kwanza: umeme wa Dodoma mbovu. Nikamleta fundi, akapima, volti 231, ethi (waya wa ardhini) ipo. Nikamwambia hata hivyo weka soketi mpya, vuta waya mnene wa milimita nne kutoka kwenye mita. Linakata. Nikalipeleka kwa dada yangu Ipagala. Linakata. Jirani yangu anafanya kazi Mtumba, ana gari kama langu, tukabadilishana nyaya za kuchajia. Waya wangu kwenye gari lake: limejaa mpaka mwisho. Waya wake kwenye gari langu: dakika ishirini, nyekundu. Sasa mtoto wa darasa la nne hawezi kuniambia tatizo liko wapi?

Nikawasha tochi ya simu nikachungulia tundu la kuchajia. Pini moja imekuwa kahawia kama sukari iliyoungua, na plastiki inayoizunguka imelainika, ukibonyeza inabaki alama ya ukucha. Fundi wangu wa mtaani, hana ofisi, hana tai, akanieleza kwa dakika mbili: pini imelegea, haishiki sawasawa, inapata joto. Ndani ya tundu kuna kitambua joto, joto likipita kiasi gari linakata chaji lenyewe lisije likaungua. Gari linajilinda. Gari lina akili kuliko walioniuzia.

Leo nikaenda. Picha zote ninazo, tarehe nimeandika kwenye daftari la wadaiwa wa alizeti. Mwanangu wa kidato cha pili amenisindikiza, katoka shule na sare yake, kanibebea waya. Nikaeleza yote niliyowaeleza hapa. Kijana anazungusha funguo kidoleni. Nilipomaliza akasema, haya mambo ya umeme ni ya kitaalamu, mama, mwite baba mwenye gari tuongee naye.

Nikatoa kadi ya gari. Jina langu hili hapa. Akaisoma. Akaniona. Halafu akamgeukia mwanangu, mtoto mwenye madaftari mgongoni: "Kijana, mwambie baba akipata nafasi apite."

Wakuu, baba yake tulimzika 2019. Mtoto akaangalia viatu vyake.

Mengine sikuyasikia vizuri. Eti ni vumbi limeingia kwenye tundu na waranti haihusu vumbi. Mmeuza gari Dodoma mlitegemea nini, theluji? Eti fundi wao yuko Dar, atakuja akipata nafasi. Treni ya SGR inatoka Dar mpaka hapa chini ya saa nne tangu 2024, kwao Dar iko mwezini.

Nataka tundu jipya. Na nataka yule kijana amwombe mwanangu radhi. Nawasilisha.

---

Kiti_cha_Mbele
Saa 10:44

Nimewahi siti. Ngoja waje wajuvi.

---

TairiLaAkiba
Saa 10:51

Mama pole, ila punda wa Chamwino anabeba madumu sita, chaji yake majani, taa nyekundu hana, na ukimdai haki hakuulizi mumeo. Uza hilo gari.

---

Zuzu_Mjini
Saa 10:53

Bila picha hii ni chai.

> MamaAlizeti: Picha hizo hapo chini tano, na ya tatu tochi inaonyesha pini. Fungua macho.

Zuzu_Mjini: Nimeona. Nafuta kauli. Hiyo pini imeiva.

---

GetiLaKijani
Saa 10:58

Hao hao! Nilijua kabla sijafika mstari wa tatu! Mimi mwaka jana niliwapelekea gari betri ndogo ya volti 12 imekufa, ile ya kawaida kabisa. Wengi hawajui kwamba gari la umeme nalo lina betri ndogo, na ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Wakaniandikia bei ya betri kubwa!! Nilikaa chini kwenye sakafu yao. Kwa kuwa kiti hakuna, kama alivyosema mama.

---

Nzuguni_Kaskazini
Saa 11:05

Pole sana mama. Ila shemeji anasemaje kuhusu hilo suala?

> MamaAlizeti: Wewe umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari? Na wewe unataka nimwite baba mwenye gari? Rudi juu, soma mstari kwa mstari, halafu uje uniulize tena shemeji anasemaje.

Kiti_cha_Mbele: Nzuguni umejichomeka mwenyewe kwenye soketi.

GetiLaKijani: Bila shaka ndiye yule kijana wa funguo, amekuja na akaunti mpya.

Nzuguni_Kaskazini: Nisamehe mama, nilikuwa nasoma huku naendesha. Mungu amrehemu mzee.

TairiLaAkiba: Unasoma huku unaendesha? Hili nalo lifunguliwe uzi wake.

---

Fundi_Ampea
Saa 11:20

Fundi wako wa mtaani kasema kweli tupu, mpe soda. Mshiko ukilegea ukinzani unapanda, yaani umeme unapita kwa shida, joto linafuata. Kama kioo cha gari kinakuruhusu kuchagua ampea, shusha mpaka chini kabisa. Ampea zikipungua nusu, joto kwenye pini linashuka mpaka robo. Utachaji polepole, lakini huenda lisikate. Hiyo ni panadoli tu, pini ibadilishwe. Na usichaji ukiwa umelala, nakusihi.

Simu acha. Andika barua: namba ya chesisi, tarehe, picha, na hasa lile jaribio lako la kubadilishana nyaya, hilo ndilo linawafunga mdomo kuhusu umeme wa Dodoma. Muuzaji apate barua, kiwanda kilichotengeneza kipate nakala, na Tume ya Ushindani, FCC, ipate nakala. Kumlinda mlaji ni kazi yao kwa Sheria ya Ushindani ya 2003.

Na msidhani wakubwa wanatengeneza kwa huruma. Mwaka 2021 General Motors iliziita Chevrolet Bolt zote, zaidi ya 140,000, kwa sababu ya betri zinazoweza kuwaka moto. 2022 Ford ikaita Mustang Mach-E karibu 49,000, swichi kubwa za betri zilikuwa zinapata joto kwenye chaji ya haraka. Kule Marekani malalamiko ya wenye magari yanapokelewa na mamlaka inaitwa NHTSA, yakirundikana uchunguzi unafunguliwa. Hakuna mwenye Bolt aliyeambiwa amwite baba.

> MamaAlizeti: Fundi ubarikiwe. Barua naandika usiku huu. Lakini umeona lakini? Kadi ameisoma! Jina ameliona! Halafu anamgeukia mtoto!

---

BajajiYaChimwaga
Saa 11:37

Mama wewe angalau una waranti ya kugombania. Mimi nina bajaji ya umeme, niliambiwa kilomita 80. Nikipakia wanafunzi watatu kupanda UDOM chaji inashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Nikifika juu nawaomba washuke niteremke mwenyewe. Nimewafuata walioniuzia, wanasema napakia watu wanene. Wanafunzi wa chuo, mwisho wa mwezi, wanene wametokea wapi?

Zuzu_Mjini: Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

---

Uniti_Sabini_na_Tano
Saa 11:49

Mnalia na pini, mimi nalia na tarifu, yaani bei ya uniti. Nilikuwa kwenye uniti ya shilingi 100 kabla ya makato, maisha mazuri. Nikanunua pikipiki ya umeme. Mwezi wa kwanza tu nimepita uniti 75, nimehamishiwa kwenye 292. Sasa taa ya choo, redio ya bibi, pasi, kila kitu nalipia bei ya pikipiki! Na hapo 1,500 ya kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na mimi ni mpangaji.

GetiLaKijani: Hiyo ya mpangaji inatakiwa mwenye nyumba akufidie.

Uniti_Sabini_na_Tano: Mwenye nyumba wangu? Yule hata taka anataka nimlipie kuzitazama.

Kiti_cha_Mbele: Wangu kafunga koki ya maji toka Jumapili, anasema tunaoga sana. Dodoma! Tunaoga sana!

TairiLaAkiba: Wangu ana funguo ya chumba changu. Nimemkuta anaangalia mpira kwenye runinga yangu, kala na wali.

BajajiYaChimwaga: Nani alishinda?

---

Dada_wa_Makole
Saa 12:10

Kuhusu waranti jamani, mimi nina friji nililonunua pale pale karibu na hao wa mama, mlango wa pili. Mwezi wa pili halijagandisha hata barafu moja. Wameniambia nilililaza kwenye gari. Friji nililisafirisha limesimama, nimelishikilia kwa mikono yangu miwili kutoka sokoni mpaka Makole!

Fundi_Ampea: Ukilifungua nyuma unasikia linanguruma au kimya?

Dada_wa_Makole: Linanguruma halafu linakata, kila baada ya muda.

Fundi_Ampea: Hiyo rilei ya kompresa, kiswichi kinachoiwasha mota ya friji. Mfuniko wa pembeni uko na skrubu ngapi?

---

MamaAlizeti
Saa 12:31

Nimefika nyumbani. Mwanangu kaweka waya ule mezani na amekaa kimya toka tumerudi, chakula kakiacha. Ameniuliza kitu kimoja tu, kwamba kwani kadi ya gari hairuhusiwi kuwa na jina la mama. Kwa hiyo mniambie, kuna mtu anajua nani mkubwa wa yule kijana? Siyo wa Dar, wa hapa hapa. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwao na barua, na mwanangu nakwenda naye.

---

Dada_wa_Makole
Saa 12:33

Skrubu nne fundi, moja haipo. Nifungue?