Wazee wa roki, koo likigoma shukeni jukwaani! Tumechoka kuuziwa kanda kwa bei ya sauti

Wakuu, leo nimekuja moto, na wale wa "heshimuni wakongwe" naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnishukie.

Sina shida na mtu kuzeeka. Umri ukienda, nyuzi za sauti zinakonda, zinashindwa kukutana vizuri, pumzi inavuja katikati. Gegedu za koo zinakakamaa, na mapafu nayo hayajai kama zamani. Mtu aliyepiga mayowe jukwaani miaka 40, na moshi na pombe juu yake, mnategemea nini? Wanasema ng'ombe hazeeki maini. Sawa, maini hayazeeki, lakini koo linazeeka.

Kinachoniudhi ni mtu anayejua fika kwamba sauti haipo, halafu anakuuzia tiketi kwa bei ya juu kuliko ya enzi zake, na kazi ya kuimba anaiachia kompyuta inayopiga sauti yake iliyorekodiwa zamani. Hiyo ndiyo ninayoiita kanda.

Mimi niko huku Ujerumani. Kiangazi kilichopita niliingia uwanjani kuona bendi moja kubwa (siitaji, wanasheria wao wana njaa kuliko mimi). Zaidi ya yuro 100, na nimewekwa juu kabisa kwenye popo. Nyimbo mbili za mwanzo nikasema mbona mzee yuko vizuri! Wa tatu nikaanza kuitazama skrini. Kila inapokaribia ile sehemu ya juu, kamera inahama mdomoni inakwenda kwenye vidole vya mpiga gitaa. Mara moja ni bahati mbaya. Kila wimbo, ujue kuna mtu kapewa maelekezo. Kwenye kiitikio kimoja jamaa kashusha maiki kifuani, anajifuta jasho kwa taulo, na huku "yeye" bado anaimba kwenye spika, tena kwa sauti ya kijana wa miaka 25. Jirani yangu, mzee wa Kijerumani mwenye fulana ya bendi iliyopauka, alinitazama, akainua mabega, akaenda kununua bia. Hakurudi.

Na pale ambapo kompyuta haikuandaliwa kitu, maiki inageuziwa watu. Yaani nimelipa ili nikaimbe mwenyewe.

Halafu kuna huu mchezo wa kuaga. The Who waliaga 1982, kisha wakarudi. Ozzy Osbourne akaaga 1992, ziara yenyewe ikaitwa No More Tours. 2018 akaanza No More Tours II, bila hata aibu ya kutafuta jina jipya. Wenyeji wangu Scorpions walitangaza Januari 2010 kwamba wanastaafu, na 2025 wamejaza uwanja kwao Hannover kusherehekea miaka 60 ya bendi. KISS walianza kuaga 2000, wakaanza tena 2019.

Ila wote hao ni wanafunzi mbele ya Mötley Crüe. Januari 2014 waliita waandishi wa habari Hollywood, mwanasheria pembeni, wakasaini mkataba wa kuacha ziara: 2015 ikiisha, basi. Watu wakasafiri kwenda kuwaona mara ya mwisho. Tarehe 31 Desemba 2015, Los Angeles, kwaheri. Novemba 2019 wakatoa video, mkataba ule unalipuliwa kwa baruti, wanarudi. Karatasi imelipuliwa, ila sikusikia aliyelipia kwaheri karudishiwa chenji yake. Korona ikawachelewesha, 2022 wakaingia viwanjani pamoja na Def Leppard. Na koo la mwimbaji wao, Vince Neil, lilikuwa katika hali gani? Mei 2021, kwenye onyesho lake mwenyewe pale Boone, Iowa, aliwaambia watu sauti imekwisha, akashuka jukwaani kabla ya muda. Wakuu, siku ile nilimheshimu kweli. Ndio ukweli ninaoutaka. Mwaka mmoja baadaye, viwanja vya mpira.

Najua kuna atakayekuja kusema hiyo ni kazi yao, waacheni wale. Wale, nani kawakataza? Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin, mbona anakula? Desemba 2007 bendi iliungana tena usiku mmoja pale London, dunia nzima ikagombania tiketi, fedha za ziara zilikuwa mezani, akakataa. Akaenda kuimba na Alison Krauss nyimbo za taratibu zinazolingana na koo alilonalo. Linda Ronstadt aliona sauti inamkimbia, akaacha majukwaa 2009. Jon Bon Jovi aliboronga 2022 mpaka watu wakamhurumia, lakini alikwenda kufanyiwa upasuaji wa koo mwaka huohuo, na akasema wazi kwamba harudi ziarani mpaka koo limruhusu. Steven Tyler aliumia Septemba 2023, onyesho la tatu tu la ziara ya kuaga ya Aerosmith, kumbe zoloto (kisanduku cha sauti kooni) imevunjika. Agosti 2024 bendi ikatangaza haizunguki tena. Ziara karibu nzima ikafutwa. Hasara ile wangeweza kuikwepa kwa kanda, wala wengi tusingejua.

Hata Ozzy nimemsamehe. Birmingham, Julai 2025, kwenye onyesho lake la mwisho, alikaa kwenye kiti kwa sababu miguu ilikataa, sauti ikawa inayumba, na kila mtu aliona na kusikia kilichopo. Fedha zikaenda hospitali na misaada. Akafariki siku 17 baadaye.

Na msiniletee Freddie Mercury wetu wa Unguja, yule mwimbaji wa Queen, eti yeye asingeshuka. Alifariki na miaka 45, koo lake hatukuliona likizeeka. Tena hata akiwa na nguvu zake, jukwaani nota nyingi za juu za kwenye rekodi alizipitia chini, na hakuna aliyedai kiingilio chake. Kushusha si dhambi! Shusheni gitaa toni nzima, shusheni mbili, futeni nyimbo tano, leteni kijana aimbe za juu mkiwa mmesimama naye hapohapo tumuone.

Kopo la samaki linaandikwa kilichomo ndani. Tiketi ya yuro 100 nayo iandikwe: sauti kuu imerekodiwa. Atakayenunua anunue akijua.

Nina tiketi nyingine ya Novemba, bendi nyingine, mwimbaji ana miaka 77. Naiuza. Anayeitaka aje chemba, bei tutaelewana, ila akirudi hapa analia mimi simo.