Sakafu ya sebule imepasuka, ninunue nyumba au niachane nayo?

Mnunuzi_Dom: Wakuu, habari za muda huu. Kuna nyumba ya vyumba vitatu hapa Dodoma naitaka. Sebule ni mita 4 kwa 3.5, ina ufa kutoka mlangoni hadi kona ya dirisha, ncha ya ufunguo inaingia, na upande mmoja umeshuka. Chumbani kuna nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Dalali anasema nipige malumalu tu, yaishe. Nishaurini.

Fundi_Jamvi: Usizichanganye hizo nyufa, mkuu. Za chumbani ni niru (tabaka laini la saruji la juu ya sakafu) iliyokauka haraka bila kumwagiliwa maji, hazina madhara. Ya sebuleni ndiyo kazi. Sakafu ikishuka upande mmoja, mara nyingi kifusi cha chini hakikushindiliwa kwa tabaka, kimedidimia, jamvi (zege la sakafu) likabaki linaning'inia. Kuta hazishuki nalo kwa sababu zenyewe zimekaa kwenye msingi.

Gonga kwa kipande cha nondo pande zote mbili za ufa. Mlio mzito ni salama, mlio mtupu una pengo chini. Kisha pima usawa wa sakafu kwa mpira wa maji (bomba laini lililojazwa maji), pembe nne na katikati. Malumalu juu ya ufa unaotembea yatapasuka palepale.

Mkadiriaji: Fuata ufa hadi ukutani. Ufa ukipanda ukutani kama ngazi kwenye viungo vya matofali, tatizo ni la msingi, mwite mhandisi kabla hujatoa hata shilingi. Halafu funga bomba zote usome mita ya maji. Baada ya saa moja ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na maji chini ya jamvi husomba kifusi.

Mnunuzi_Dom: Nimerudi. Ukutani haupandi, mita imetulia, ila upande ulioshuka una mlio mtupu. Udongo wa eneo ni mweusi, wa mbuga. Nikiziba kwa epoksi (gundi ya kuzibia zege)?

Fundi_Jamvi: Epoksi ni ya ufa uliotulia. Hapo juu ya pengo itashika vizuri, kisha zege litapasuka pembeni yake. Vunja jamvi la sebule lote, toa kifusi kilicholegea, rudisha moramu (udongo wa changarawe) yenye unyevu kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kwa mashine. Juu yake mawe, nailoni nzito, wavu wa chuma, zege la sentimita 10 kwa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa eneo hilo ni mita za ujazo 1.4: saruji mifuko 9, mchanga kama mita za ujazo 0.65, kokoto 1.3. Limwagilie maji siku 7. Wavu uinue kwa vipande vya zege. Wavu ukilala chini kwenye nailoni, umetupa hela.

Mzee wa Mbuga: Ngoja kwanza, ndugu. Udongo mweusi huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Kama katikati ya sebule pako juu kuliko pembezoni, udongo unasukuma, na jamvi jipya juu yake litapasuka vilevile. Huo mweusi lazima uchimbwe, ujazwe moramu. Nje nako, maji ya paa yapelekwe mbali, na uzungushe nyumba kwa mkanda wa zege wa mita 1 unaoinamia nje.

Mkadiriaji: Gharama yote hiyo itoke kwenye bei. Muuzaji akisema atarekebisha mwenyewe, iandikwe kwenye mkataba kwamba hamwagi zege kabla fundi wako hajakagua kifusi kilivyoshindiliwa.